Mashine ya presha ya kuoshea uwanja: nimekaa nayo miezi saba, watoto hawanirudishii

Nimekaa na hii mashine tangu Disemba kwahiyo nadhani nina haki ya kuisema sasa. Ni ile mashine ndogo ya umeme ya kuoshea kwa presha, dada mdogo wa zile kubwa za wale vijana wanaoosha magari barabarani, hii yangu unaibeba kwa mkono mmoja, ni ya wati 1400, nimeinunua Kariakoo kwenye maduka ya vifaa kule upande wa Gerezani, alianza laki mbili na ishirini tukabishana weee mpaka laki na themanini na tano. Brandi sitaji na hata nikitaja haikusaidii kitu, duka la pili yake wana mashine ileile rangi ileile stika nyingine. Na kabla hujaniuliza gari gani naosha, gari sina. Niliinunua ili watoto waoshe uwanja bila mimi kupayuka mpaka mtaa mzima ujue majina yao.

Nyumbani ni Tabata, uwanja wa pevingi kama mita kumi kwa nane, mwarobaini mmoja kwenye kona ambao ndo adui wa familia, mtaro mbele ya geti, na fensi ambayo tuliipaka rangi nyeupe kwa ujinga wetu wenyewe. Nina wa kiume wa miaka 15, binti wa 13, na mtoto wa dada yangu wa 17 ambaye wakati nanunua alikuwa ametoka kumaliza fomu foo anasubiri matokeo, yaani yuko nyumbani anakula na kulala. Watu watatu wazima wa afya, na Jumamosi asubuhi ukiita "njooni tusafishe nje" unajibiwa "naam mama", "abee mama", "nakuja mama mdogo", na hiyo nakuja haina miguu.

Nilishajaribu mengi kabla ya hapa jamani. Nilibandika ratiba ya zamu kwenye friji, ikawa kesi, huyu anasema wiki ile nilifanya mimi huyu anasema hapana. Nikatoa hela, buku mbili kwa kila mmoja, wiki ya tatu wakaja na wakili wao (huyo wa 17) wanataka tano tano. Nikawaruhusu waweke spika ya muziki nje, wakaweka muziki, wakakaa kuusikiliza. Mwisho wa siku nilikuwa nashika fagio la chelewa mwenyewe huku nimenuna, na wao wanapita pembeni wanasema "pole mama".

Na nikikaa nikafikiria naona hata mimi nisingependa. Kufagia majani ya mwarobaini ni kazi ya kumtia mtu wazimu, umemaliza upande huu ukigeuka upepo umeshamwaga mengine, hakuna mahali unapoweza kusema hapa nimefanya mimi. Kusugua pevingi kwa brashi ndo usiseme, nusu saa umepiga magoti umepata eneo la sinia. Mtoto wa miaka 15 anataka kitu chenye kelele, chenye hatari kidogo, na kinachoonyesha matokeo sasa hivi. Hii mashine ina vyote vitatu na hapo kwenye hatari nitarudi.

Siku ya kwanza ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ile ya usafi ambayo tumeizoea tangu Magufuli aondoe sherehe za Uhuru tarehe 9 Disemba 2015 akaingia barabarani kufanya usafi mwenyewe. Mvua za vuli zilikuwa zimetuachia ule utelezi wa kijani kwenye pevingi, ule ambao bibi yao alishawahi kuteleza nao kidogo avunjike nyonga. Sikuita mtu. Nikaunga mpira kwenye simtank, nikachomeka, nikaanza mwenyewe, mstari mmoja tu kutoka mlangoni kwenda getini. Aisee ule mstari! Pevingi zetu kumbe nyekundu, mi nilishasahau, upande huu kijani cheusi, hapa katikati njia nyekundu kama mtu amechora kwa rula. Haikupita dakika mbili naona kichwa dirishani. Halafu cha pili. Halafu nasikia "mama lete nikusaidie", maneno ambayo sijayasikia tangu yuko darasa la pili.

Nikajifanya sitaki. "Aa, mwache mama afanye, nyinyi mtaniharibia." Hapo ndo nilipowashika.

Sasa ujue huyu wangu wa 15 ni Simba wa kuzaliwa na huyo binamu yake ni Yanga wa damu, humu ndani siku ya watani wa jadi hatuli pamoja. Mkubwa alipokabidhiwa bunduki, ile ya kurushia maji, kitu cha kwanza akaandika YANGA katikati ya uwanja kwa maji, herufi za urefu wa mita nzima, nyekundu kwenye kijani. Mwenzake akaangalia akasema "sawa, leo utelezi wote huu wa kijani ndo Yanga yenyewe, subiri niutoe uwanjani". Akapewa zamu yake akaifuta ile YANGA kwa kuosha kila kitu kilichokuwa pembeni yake. Yaani nimewaangalia hawa watu wanaosha uwanja kwa chuki! Saa moja na nusu sijasema neno, uwanja umeisha, na pembeni ya ngazi kimebaki kipande kichafu ambacho wamekiacha makusudi ili binti achore. Akachora paka.

Tangu hapo tumekuwa na utaratibu ambao sikuupanga mimi. Wanagawa uwanja kwa chaki, nusu Msimbazi nusu Jangwani, mmoja ana bunduki dakika 15 mwenzake anapaka sabuni na kusugua kona, wanabadilishana, binti ndo refa na ana saa. Mi nakaa barazani na chai. Kuandika kwenye uchafu kumekuwa ndo mchezo wenyewe, wakati mwingine nawakuta wamesubiri uchafu ukomae ili maandishi yatokee vizuri, sasa hapo sijui nilie au nicheke.

Haya mashine yenyewe. Kwenye kibandiko chake wameandika bar 130 (bar ni kipimo cha presha) kwa maandishi makubwa, chini kwa maandishi ya sisimizi bar 90. Usidanganyike na ile kubwa, ile ni kiwango cha juu inachoweza kuvumilia, inafanya kazi kwenye ile 90. Na 90 sio mchezo, tairi la gari ndogo linajazwa bar 2 na kidogo. Maji inatumia lita 7 kwa dakika, nimepima mwenyewe kwa ndoo, ndoo ya lita 20 ilijaa karibu dakika tatu. Ukishikilia triga saa nzima bila kuachia ni lita 420, lakini hakuna anayeshikilia muda wote kwahiyo uwanja wote, kama saa mbili za kazi, unatumia kama nusu ya simtank la lita 1000. Ukisema ni mengi linganisha na mpira wa kawaida ambao unamwaga zaidi ya hapo kwa dakika na hautoi utelezi. Ila siku ambazo bomba halitoki na tunanunua maji ya boza, mashine haitoki stoo, hapo hakuna mjadala na Simba na Yanga wote wanajua.

Umeme watu wananiuliza sana. Wati 1400 kwa saa mbili ni uniti 2.8, kwa bei tunayolipa sisi tusio kwenye ile tarifu ya chini ni kama elfu moja. Elfu moja kwa uwanja mzima, na watoto watatu wako nje hawana simu mkononi. Mi nalipa hiyo hela nikiwa nacheka.

Kinachoniuma ni vitu vilivyokuja nayo. Mpira wa presha ni mita tano tu, mgumu kama mkia wa punda, ukiugeuza unaikokota mashine inaanguka. Kile kiungio cha kuunganisha na mpira wa maji kilikuwa cha plastiki, wiki ya pili kikapasuka, nikaenda kununua cha shaba elfu nane hapohapo Kariakoo. Mwezi wa tatu oringi, kale kapete ka mpira ka kuzuia maji, ya kwenye bunduki ikaisha maji yakawa yanamtiririkia mtu kwenye kiwiko, nikarudi dukani nikijua nina garantii ya mwaka, kaka wa dukani akaniambia garantii ni ya mota sio ya oringi. Haya, oringi yenyewe shilingi mia tano kwa fundi wa pampu, nimenunua kumi nimeweka kwenye kopo. Nakushauri ukinunua mashine yoyote ya hivi ununue na oringi siku hiyohiyo.

Na kelele! Hizi za bei yetu zina mota ya kaboni, zinalia kama blenda iliyomeza kijiko. Zile zenye mota nzito zisizo na kaboni zinanguruma taratibu na zinadumu zaidi lakini bei inaruka, ukienda kwenye zile za njano za Kijerumani za Kärcher ndo kabisa uandae moyo. Ile spika ya muziki imekufa kifo cha kawaida kwasababu hakuna anayesikia kitu. Jumapili moja walianza saa moja kasoro asubuhi, mama wa nyumba ya pili akaja getini na khanga yake ya kulalia, nikasema shikamoo kwa sauti ya unyenyekevu kweli. Sasa hivi haiwashwi kabla ya saa tatu na Jumapili haiwashwi kabisa.

Turudi kwenye hatari. Yale maji yakitoka kwenye nozo, ile ncha ya mbele ya bunduki, ile nyembamba kabisa, yanakata. Sitanii. Mwanangu alifuta rangi ya fensi, akidhani anafuta tope, akaacha duara la simenti pale pale karibu na geti ambapo kila mgeni analiona. Sasa fikiria ngozi. Maji ya presha yakiingia chini ya ngozi kidonda kinaonekana kama tundu la sindano tu halafu ndani kumeharibika na uchafu umeingia, hiyo sio ya kupaka mafuta ya taa, ni hospitali siku hiyohiyo. Kwahiyo kwangu nimeweka sheria ya raba buti, kandambili marufuku, mtu anaoshea pekupeku anapoteza zamu wiki mbili. Kumnyooshea mwenzako bunduki hata kwa utani ni kadi nyekundu. Ilishatokea mara moja, mkubwa alimpulizia mwenzake miguuni kwa mbali, nikachomoa waya nikaifungia kabatini mwezi mzima, na huo mwezi ndo niliona kweli wameipenda maana walikuwa wananipitia na "mama kuna kazi yoyote leo?" Miwani pia, ile ya mafundi ya elfu tatu, kwasababu kokoto ndogo zinaruka kutoka katikati ya pevingi.

Umeme nao. Ekstensheni yetu ya ndani, ile nyembamba ya kuchajia simu, ilipata moto mpaka plagi ikalainika, nikasikia harufu ndo nikakimbia. Ukitaka kutumia nje nunua waya mnene wenye etha, ule waya wa ardhini, uufungue wote usiuache umezungushwa, na pale unapoungana usilale kwenye maji, sisi tunauweka juu ya stuli. Na kwenye meinswichi uwe na ile breka inayokata yenyewe umeme ukivuja. Fundi aliniwekea, nikaona kama ananila hela, sasa hivi nalala usingizi.

Kitu kingine ambacho hamtaambiwa dukani, usiiwashe bila maji, pampu inakufa. Unafungua maji kwanza, unabonyeza triga mpaka hewa yote itoke maji yatiririke bila kukohoa, ndo unawasha. Ukimaliza unazima, unafunga maji, unabonyeza tena kutoa presha iliyobaki, la sivyo mpira hautoki hata uite mpiga debe. Nilimfundisha binti mara moja, sasa yeye ndo anawafokea kaka zake. Na kale kachujio kadogo kwenye mdomo wa kuingizia maji kasafishwe kila mara, simtank zetu zina mchanga wa kutosha kujenga choo.

Huyo binti mwanzoni mashine ilimwogopesha kwa ile kelele na kwa jinsi bunduki inavyorudi nyuma ukibonyeza. Nikamnunulia ile chupa ya povu, inaingia mbele ya bunduki, unaweka sabuni ya maji kidogo na maji, inatoa povu zito kama la kunyolea ndevu. Elfu ishirini na tano. Kwa maoni yangu hii chupa ni nzuri kuliko mashine. Anapaka povu ngazi zote, kuta za choo cha nje, viti vya plastiki, anaacha dakika tano wakati anapiga picha, halafu kaka mtu anakuja kuosha. Viti vyetu ambavyo nilitaka kuvigawa vimerudi weupe. Angalizo tu, povu likikauka juani linaacha madoa, na msipulize kwenye mboga, nilipoteza mchicha wangu wote wa kwenye ndoo.

Ambapo mashine haisaidii kitu ni kwenye mtaro. Walijaribu, wakapiga presha kwenye lile tope lililojaa mchanga na vifuniko vya soda, likawarudia usoni na kwenye nguo na kwenye fensi nyeupe mpaka juu. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mtaro unataka koleo na karai, na hilo bado ni vita kila mwezi, sijapata dawa yake, tunafanya wote wanne kwa kununa kwa pamoja. Majani ya mwarobaini pia lazima yafagiliwe kwanza, ukiyapiga maji yakiwa pale yanagandia kwenye fito za geti kama stempu. Hapo nimepata ujanja mdogo, hakuna kugusa bunduki mpaka majani yote yako kwenye kiroba. Wanafagia kwa kasi ambayo fagio la chelewa halijawahi kuiona.

Je wameichoka? Kusema ukweli mwezi wa nne mvua za masika zilipokuwa kila siku hamu ilishuka, hakuna raha kuosha kitu kinachooshwa na Mungu. Nikadhani imeisha, laki na themanini yangu imeenda. Mwezi wa sita jua lilipotoka na utelezi mpya umeota, wakaikumbuka wenyewe, na safari hii wameibuka na jambo jipya kabisa. Jirani alipita na bodaboda yake ina tope mpaka kwenye taa, mkubwa akamwambia "bro ingiza hapa dakika kumi". Akamwosha, akapewa elfu mbili. Kesho yake wakaja wawili.

Kama nitatoa maksi naipa mashine yenyewe sita kwa kumi, kwasababu ya ule mpira na zile plastiki na kelele, na chupa ya povu tisa. Duka nalipa nne, kaka alinijua vizuri sana wakati ananiuzia, siku ya garantii akawa hanikumbuki. Kwa nyumba yenye pevingi na watoto wa kuanzia miaka 13 ningeinunua tena, wa chini ya hapo mpe brashi na povu, bunduki asubiri. Kama uwanja wako ni wa mchanga achana nayo, utachimba kisima.

Huyu wa Yanga matokeo yalitoka vizuri na wiki hii anaenda kuripoti fomu faivu, nikajua basi timu imevunjika. Jana nimerudi kazini nakuta pale getini, kwenye lile duara la simenti ambalo rangi ilifutika, wameandika kwa chaki: BODA 2,000. BAJAJI 3,000. GARI 5,000. ZULIA MAELEWANO. Chini yake mwandiko wa binti, HATUFANYI KAZI KABLA YA SAA TATU. Luku bado nanunua mimi.